Damu ya Mizani

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Obadia Tweve alijidunga kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Miaka kumi na mmoja, kidole hicho hicho, mpaka ncha yake ikaota sugu kama kisigino. Alikikamua, tone likatoka shingo upande, akalidondosha kwenye tundu la kwanza la mashine, lile lenye alama ya sifuri.

"Haya bibi, amka," akaiambia.

Mashine ikanguruma, taa ya kijani ikawaka, siku ikaanza. Usicheke. Mtu anayeishi peke yake huongea na chochote kinachojibu, na mashine ile angalau ilijibu. Sufuria haikujibu. Kiti cha marehemu mkewe hakikujibu.

Hapo palikuwa Kituo cha Damu cha Lusitile, huko nyanda za juu ambako ukungu hukaa mpaka saa nne na mtu hupalilia viazi akiwa na koti. Tweve alikuwa mpimaji wa kituo. Tena alikuwa zaidi ya mpimaji. Watu walimwita Bwana Mizani, usoni pake, na yeye aliitikia.

Enzi za babu zake, mtu akilala kitandani mwezi mzima akitazamana na ukuta, alisemwa amerogwa, au mvivu, au anadeka. Halafu ikaja Sheria ya Damu. Madaktari walikuwa wameona kwamba baadhi ya watu wenye sonona, na baadhi ya wanaosikia sauti zisizo na mwenyewe, damu yao inaungua kimyakimya. Kidonda hakuna, homa hakuna, lakini ini linamwaga protini za dharura na chembe za kinga zinapigiana kelele kana kwamba nyumba imeshika moto. Wenyewe huita mchochota. Baadhi, walisema madaktari. Hilo neno "baadhi" lilidondoka mahali fulani kati ya maabara na bunge, na hakuna aliyerudi kuliokota.

Basi ikawa hivi. Unakuja kituoni, unadungwa, mashine inaipima damu yako ikiilinganisha na damu ya mtu mzima wa afya na moyo. Ikizidi mara tatu, wewe mgonjwa: unapewa hati, sindano za kupoza, na miezi mitatu ya kukaa bila mtu kukuuliza kwa nini hulimi. Isipofika mara tatu, damu yako safi, rudi shambani.

Damu hiyo ya kulinganishia ilipaswa kutoka mjini, kwenye vichupa vyenye barafu. Barabara ya Lusitile ilivichemsha vyote. Mwaka ule wa kwanza daktari mwanzilishi alichoka kusubiri, akawapima watu arobaini wa pale, walimu, wakulima, hata mchungaji, akitafuta damu iliyotulia kuliko zote. Akampata Tweve. Watu walicheka sana siku hiyo. "Huyu hata nyumba ikiungua atauliza chai iko wapi!" Na Falesi, mkewe, akacheka kuliko wote, maana yeye ndiye aliyejua ni kweli.

Falesi alikufa miaka minne iliyopita, homa ya mapafu, siku sita tu. Matanga yakaanuliwa, na kesho yake asubuhi Tweve alikuwa mbele ya mashine, kidole tayari. Hakulia msibani, hakulia makaburini. Wanaume wakampiga mabega. "Mwanaume huyu! Jiwe!" Akalichukua neno lile akaenda nalo nyumbani, akala nalo ugali.

Toka siku ile usingizi wake ulikuwa wa saa tatu tu kwa usiku mzima. Chakula kilikuwa hakina ladha. Pombe ya ulanzi aliiacha, kwaya aliiacha, watu wakaacha kupita kwake kwa kuwa kila wakipita anawajibu kwa neno moja. Aliamini huo ndio utu uzima. Hata siku moja Yusta Mgaya, nesi wa kituo, binti mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri, alipomwambia, "Mzee, na wewe tukupime basi, kwa damu yangu mimi iwe sifuri," Tweve alimgeukia kwa ukali ambao hawakuutarajia wote wawili.

"Mizani haipimwi, mwanangu. Mizani inapima."

Yusta hakurudia tena. Hiyo ilikuwa miaka miwili nyuma, na ndiyo sehemu ya hadithi hii inayoniudhi mpaka leo.

*

Enesia Kyando alikuja wiki tatu kabla ya siku ninayotaka kuisimulia. Alikuja peke yake, na hilo lenyewe lilikuwa kosa, kwa kuwa Lusitile hakuna aendaye kituoni bila mletaji. Daftari lina safu yake kabisa: jina la mgonjwa, aliyemleta, uhusiano wao. Mtu anayeungua ndani hasahau miadi tu, husahau hata kula, kwa hiyo lazima awepo wa kumshika mkono na kumrudisha.

"Nani amekuleta, mama?" Tweve alimuuliza.

"Nimejileta."

"Mume?"

"Alikwenda migodini. Ana mke huko."

"Ndugu?"

"Nina wifi." Akaishia hapo, na namna alivyolisema neno hilo ilitosha.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na minane, mrefu, mikono ya mtu aliyewahi kufanya kazi sana. Alisema hana usingizi tangu kiangazi. Alisema akishika jembe linakuwa zito kama mlango wa kanisa. Alisema mambo hayo taratibu, bila machozi, na Tweve akamsikiliza akiwaza kwamba mbona hayo ni maisha tu, mbona hata yeye.

Mashine ikatoa jibu. Mbili nukta sita.

"Damu yako safi, mama. Mshukuru Mungu."

Enesia alibaki amekaa. "Sasa kama siumwi," akauliza, "mimi nina nini?"

"Huna kitu. Nenda kalime, utachangamka."

Akainuka, akajifunga khanga vizuri, akashukuru. Ndiyo, alishukuru. Kwenye safu ya aliyemleta Tweve alichora mstari mfupi, akafungua ukurasa wa mtu mwingine.

*

Sasa siku yenyewe. Yusta alikuwa amekwenda vijijini kuchanja watoto. Saa nne, ukungu ukiwa ndio kwanza unaachia, droni ya mjini ilishuka uani na kisanduku cheupe. Ndani mlikuwa na barafu ambayo haijayeyuka, na katikati ya barafu vichupa ishirini vya damu halisi ya sifuri. Baada ya miaka kumi na mmoja! Wakubwa walikuwa wamekumbuka kwamba droni haihitaji barabara.

Tweve alifurahi, nakuapia. Alikiangalia kidole chake akakiambia, "Umestaafu, mzee mwenzangu." Akatia tone la kichupa kwenye tundu la sifuri. Halafu, kwa utani tu, utani wa mtu asiye na wa kutaniana naye, akatia damu yake kwenye tundu la pili, la wagonjwa. Alitaka kuona zikitoka sawa. Alitaka mashine imwambie ahsante.

Ikaandika: nne nukta mbili.

Akafuta kioo kwa pindo la koti. Akafungua kichupa kingine. Nne nukta mbili. Akachukua damu kutoka mkono wa kulia, akisema moyoni labda lile sugu limeoza. Nne nukta moja.

Akavuta kiti akakaa, kile kiti cha wagonjwa, kwa kuwa ndicho kilikuwa karibu.

Aliogopa. Tena hakuogopa ugonjwa wake kwanza, aliogopa hesabu. Kama mizani yenyewe ilikuwa imepanda mara nne, basi kila aliyepimwa juu yake alitoka mwepesi mara nne kuliko alivyo. Mtu mwenye mchochota wa kumi alionekana ana mbili na kitu. Aliyeonekana mgonjwa miaka hii ya karibuni ni yule tu aliyekuwa anateketea kabisa. Akafungua daftari, akarudi nyuma mpaka mwezi ule wa matanga, akaanza kusoma majina ya walioambiwa damu safi. Mia mbili na kumi na saba. Wengine alikuwa amewazika, akapeana mikono na ndugu zao, akasikia wakisema, "Na hata kituoni alionekana mzima." Kidole chake kikasimama kwenye jina la wiki tatu zilizopita. Mbili nukta sita mara nne nukta mbili. Karibu kumi na moja.

"Mungu wangu," akasema. "Nimemwambia akalime."

*

Yusta alirudi saa saba, matope mpaka magotini. "Shikamoo Mzee," akasema, akaona uso wake, akaacha kufungua viatu. Tweve akamwonyesha kioo cha mashine, kichupa, daftari. Hakueleza sana. Yusta hakuwa mjinga.

Binti alipitisha kidole kwenye yale majina, ukurasa kwa ukurasa.

"Nilikwambia," alisema mwishowe, taratibu.

"Uliniambia."

"Haya. Tufanye hivi, Baba. Tuite watu wote tena. Tuseme mashine ilikuwa mbovu, imetengenezwa. Wapimwe upya, watibiwe. Wewe nitakuandikia sindano kwa jina lingine, nakuchoma mwenyewe hapahapa. Nani atajua?"

"Sheria inasema mgonjwa hashiki mizani."

"Sheria inasema pia watakutoa kwenye nyumba ya kituo. Utakwenda wapi?" Sauti ikampanda. "Na wewe si wa kwanza kufikiriwa! Fikiria watu. Wakisikia Bwana Mizani mwenyewe alikuwa anaumwa, nani ataamini damu tena? Watarudi kwa waganga. Watasema, si mlituambia? Mwenye sonona ataitwa mvivu mpaka azikwe. Uongo mmoja mdogo, Mzee, unaokoa watu."

Na hapo ndipo pagumu, maana Yusta hakuwa anasema upuuzi. Tweve alilipindua jambo lile huku na huku, na kila alipolipindua lilikuwa na uso. Aliifikiria ile nyumba ya vyumba viwili, msumari ambako bado kulining'inia koti la Falesi. Akafikiria asubuhi bila mashine. Sitakuficha: alikubali.

"Sawa," akasema. "Mashine ilikuwa mbovu. Ngoja nianze na huyu wa mlimani, nimfuate mwenyewe."

*

Kwa Enesia ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kupanda tu. Nusu ya njia Tweve alikutana na bibi mmoja akivuta mbuzi.

"Kamwene, Bwana Mizani."

"Kamwene, mama. Mbuzi mzuri."

"Wa Enesia. Kanipa bure! Kasema hana kazi naye tena." Bibi akacheka kwa furaha. "Na cherehani kampa wifi yake, na kuku kagawa. Damu safi hiyo, mtu kapona kawa mkarimu."

Tweve hakuaga. Alipanda mlima ule kwa kukimbia, mtu wa miaka hamsini na sita, mapafu yakimchoma, akijikwaa kwenye matuta ya viazi ya watu, akiomba kwa maneno aliyokuwa hajayatumia miaka minne.

Alimkuta uani. Yuko hai. Uwanja umefagiliwa mpaka unang'aa, na Enesia amekaa juu ya kigoda akisugua sufuria ya mwisho, nyingine zote zimefunikwa zikiwa zimepangwa ukutani, kama nyumba inayosubiri wapangaji wapya. Mlangoni kulikuwa na kifurushi cha nguo kimefungwa.

"Karibu, baba," akasema bila kushangaa. "Chai sina. Nimegawa majani."

Tweve alishika magoti, akapumua, akatoa uongo wake. "Mama, nimekuja... ile mashine siku ile ilikuwa mbovu. Imetengenezwa. Nataka nikupime tena."

Enesia alisugua sufuria. "Mashine haikuwa mbovu."

"Ilikuwa mbovu, nakwambia."

"Yule kijana wa kina Ngailo alipimwa siku ileile, akatoka mgonjwa, na kweli anaumwa, kila mtu anaona. Mashine inajua." Aliongea kwa upole, kama anamfariji mgeni. "Mimi ndiye mbovu, baba. Nilimwambia wifi damu yangu safi, akasema basi tumejua sasa, ni roho tu ndiyo mbovu. Na nimeifikiria, naona amesema kweli. Usijisumbue na mimi. Shuka kabla ukungu haujarudi."

Ndugu yangu, uongo ule mdogo wa kuokoa watu ulikuwa umegonga mwamba wa kwanza tu, ukapasuka. Mwanamke huyu aliiamini mashine kuliko alivyojiamini. Angeweza kuitilia shaka nafsi yake mpaka mwisho, lakini si taa ile ya kijani. Na Tweve akaona kwamba kuna kitu kimoja tu kilichobaki kumpa.

"Enesia," akasema. Akakaa chini, palepale uwanjani. "Mashine haikuwa mbovu. Mbovu ni mimi."

Mkono wa Enesia ukasimama.

Akamwambia yote. Sifuri ni nini na inatoka wapi. Kidole. Kichupa cha leo. Nne nukta mbili. Akamwambia, "Siku ile ulipokuwa unanieleza, usingizi hakuna, jembe zito, nilisema moyoni mbona hata mimi. Ndiyo maana nilikuona mzima. Nilikupima kwa mgonjwa mwenzio." Akamwambia kumi na moja.

Enesia aliinuka kwenye kigoda. Kisha akaitupa sufuria. Ilipiga ukuta, ikaviringika uwanjani, na sauti iliyomtoka haikuwa ya upole tena.

"Wiki tatu! Wiki tatu nimekaa hapa najiambia mimi takataka! Nimegawa mbuzi wangu!"

"Najua."

"Hujui!" Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Na wengine? Ni mimi peke yangu?"

"Mia mbili na kumi na saba."

Akarudi kwenye kigoda. Wakakaa hivyo kitambo kirefu, yeye juu, Tweve chini, ukungu ukianza kupanda bondeni. Halafu Enesia akauliza, bado ana hasira, "Na wewe, nani anajua unaumwa?"

"Nesi."

"Nyumbani je?"

Tweve alifungua mdomo kujibu kama anavyojibu siku zote, kwa neno moja, na neno likakataa. "Nyumbani hakuna mtu," akasema. "Miaka minne. Naongea na mashine."

Enesia alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza njia. Akainuka, akachukua shuka lake kutoka kwenye kile kifurushi, akajitanda.

"Twende," akasema.

*

Yusta aliwaona wakiingia getini pamoja, polepole, na alipouona uso wa Tweve akajua mpango umekufa. Hakubisha. Kwenye ubao wa matangazo Tweve aliandika kwa mkono wake: damu ya mizani ilikuwa inaumwa, waliopimwa miaka hii minne warudi wote, kosa ni la Obadia Tweve. Wakubwa mjini akawatumia maneno hayo hayo. Kesho watu wangekusanyika pale, wengine na huzuni, wengine pengine na mawe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hiki kilikuwa kimeanza kuumbua wenzake kwanza.

Halafu Yusta akakaa kwenye kiti cha mpimaji, akafungua daftari. Jina: Enesia Kyando. Aliyemleta: Obadia Tweve. Mashine ikasema kumi nukta nane, na Enesia akaitazama namba hiyo kwa muda, akaigusa kwenye kioo kwa kidole.

"Anayefuata," akasema Yusta. Akaandika: Obadia Tweve. Kalamu ikahamia safu ya pili, ikagoma.

"Chora mstari," Tweve alisema. "Nimejileta."

"Kwa mstari siwezi kukupa hati, Baba. Na mimi mtumishi wa kituo, siruhusiwi kujiandika." Akamtazama kwa huruma. "Hakuna mtu yeyote? Hata wa kwaya?"

Tweve alifikiria. Alifikiria kwa bidii kweli, kijiji kizima, mlango kwa mlango.

"Andika Enesia Kyando," Enesia alisema kutoka benchini, huku amebana pamba kwenye kidole.

Yusta akageuka. "Mama, wewe mwenyewe mgonjwa."

"Kuna mahali imekatazwa?"

Hapakuwa na mahali ilipokatazwa. Hakuna aliyewahi kuwaza. Yusta akaandika, akafika safu ya mwisho.

"Uhusiano?"

Enesia alimwangalia yule mzee aliyemwambia damu yake safi. Alikuwa bado hajamsamehe, na ilionekana.

"Jirani," akasema.

"Mama, unakaa saa moja na nusu."

"Andika jirani."

Hapo ndipo jiwe la Lusitile lilipolia, kwa sauti, mdomo wazi kama mtoto, mbele ya wanawake wawili na mashine. Alimlilia Falesi, akawalilia mia mbili na kumi na saba, akajililia na yeye. Hakuna aliyempiga bega kumwambia yeye ni mwanaume. Yusta alingoja mpaka alipopata pumzi, akamshika mkono wa kushoto, akakiona kile kidole chenye sugu, akakikunja taratibu kikarudi kiganjani.

"Lete kingine, Baba," akasema.